Spika Iliyooteshwa Moto

Hapo zamani, wala si zamani ile ya Sungura kumchezea Fisi shere, ni zamani ya juzijuzi tu, wakati santuri zilikuwa nyeusi na wanamuziki walikuwa na nywele, palikuwa na bendi pale Korogwe ikiitwa Tanuri Jazz. Msiniulize habari za jazz. Wakati ule bendi zote ziliitwa Jazz, kama vile leo kila kinyozi ni wa kimataifa. Tanuri walipiga roki.

Walipiga roki kwa sababu iliwaangukia. Mtoto wa meneja wa shamba la mkonge, Mgiriki, alirudi kwao akaacha magitaa mawili ya umeme, amplifaya moja, spika moja kubwa kama kabati, na santuri kumi na moja za watu wanaopiga kelele. Karani wa ghala pale shambani, Hatibu Shekalaghe, akaambiwa avitunze vile vitu. Akavitunza miaka miwili. Mwaka wa tatu akavitunza kwa kuvipiga.

Huyo Hatibu ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, na kesi hii ni yake, basi mshikeni vizuri. Alipiga gitaa la besi. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kusema "tutaona". Ukimuuliza wapige wimbo upi kwanza, tutaona. Mkewe akimuuliza apike wali au ugali, tutaona. Watu wakampenda kwa hilo, maana kiongozi asiyeamua hana adui.

Santuri ya kwanza ya Tanuri ilitoka, ikapendwa. Ilikuwa na sauti safi. Gitaa likilia, lililia kwa adabu. Watu walicheza, wakasema "nzuri". Hatibu naye aliisikiliza nyumbani kwake akasema nzuri. Lakini ukweli wa moyo wake, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba ile santuri haikumgusa popote. Aliisikiliza kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila desturi hamtaielewa kesi. Bendi za wakati ule kila moja ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Jina hilo liliandikwa kwenye jalada la santuri, na katikati ya wimbo mwimbaji aliliuliza kwa sauti, na ukumbi mzima ukaitikia. Tanuri walikuwa na lao zaidi: mtindo waliupa jina la mtu, yule aliyeuzaa. Mtindo wa santuri ya kwanza uliitwa Mdoe, kwa jina la mpiga ngoma wao, mwenye mdundo ule. Mdoe alifariki kwa homa kabla santuri haijafika madukani. Lakini kila Jumapili alasiri mwimbaji alipaza sauti, "Tunacheza nini?" na watu mia tatu wakajibu, "Mdoe!" Mjane wake aliuza karanga mlangoni mwa ukumbi. Kila alipolisikia lile jina aliacha kupima karanga, akangoja liishe, kisha akaendelea kupima. Hakuna mwanabendi aliyeona jambo lile asitamani na yeye aje aitwe hivyo.

Na jina ni moja. Si mawili wala matatu. Ukumbi hauwezi kuitikia kamati.

Basi mwenye studio ya Dar es Salaam, Bwana Jivraj, akaandika barua: njooni mrekodi santuri ya pili, lakini njooni na sauti mpya, kwa sababu ile ya kwanza kila bendi imeshaiiga. Hatibu akaisoma, akaikunja, akasema tutaona. Miezi minne walitafuta sauti mpya. Walijaribu kupiga haraka. Walijaribu kupiga polepole. Walijaribu kuiweka spika ndani ya pipa, ikatoa sauti ya pipa. Siku ya safari ikakaribia na sauti hawana.

Sasa anaingia wa kwanza kati ya watu watatu wa kesi hii.

Bendi ilikuwa na mtunza vyombo, Mzee Mbwana Mntambo. Kabla ya kubeba spika, mtu huyu alikuwa bingwa wa ngoma za asili, mtu wa kuitwa Handeni na Lushoto kwenye harusi na jando. Vidole vilipokakamaa akaingia kwenye umeme, kazi ya kubeba. Lakini aliyezaliwa ngomani humtoi ngomani. Na kila mpiga ngoma anajua, kama anavyojua jina la mama yake, kwamba ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa, ili ngozi ikaze.

Ilikuwa masika, siku mbili kabla ya safari ya studio. Bendi ilikuwa na harusi ya mchana pale Manundu. Spika ilikuwa imepigwa na unyevu, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Mzee Mbwana akaifungua, akaugonga kwa kidole ule uso wake wa karatasi, akasikiliza.

"Imelegea hii," akasema.

Akaibeba mpaka kwenye mafiga ya wapishi wa harusi, akaielekeza uso motoni, akaketi kando yake. Baada ya muda watu wakasikia harufu ya karatasi. Hatibu alipofika mbio, uso wa spika ulikuwa wa kahawia kama chapati, na umepasuka kutoka katikati hadi ukingoni, ufa wa shibiri nzima.

"Mzee Mbwana, umefanya nini?"

"Nimeiotesha moto, kiongozi."

"Spika?"

"Ilikuwa imelegea."

Hatibu akaitazama. Hapakuwa na spika nyingine Korogwe. Hata Tanga haikuwapo ambayo mwenyewe angekubali kuiazimisha kwa watu wanaoziotesha moto. Akasema, "Tutaona."

Ng'ambo ya barabara, barazani kwake, alikaa Zaina Kihiyo na cherehani yake. Ndiye aliyeshona sare za bendi. Ni mwanamke ambaye hajawahi kutupa kipande cha kitambaa tangu azaliwe. Wakampelekea spika kwenye mkokoteni.

"Limechanika hili," akasema.

"Ni spika, Dada Zaina," akasema Hatibu.

"Kilichochanika ni kilichochanika. Nipisheni mwanga."

Alichukua katani, zile nyuzi za mkonge zenyewe, ngumu, ndefu, akazitunga kwenye sindano ya magunia, akaushona ule ufa mishono kumi na tisa. Ncha za katani hakuzikata. Aliziacha zimesimama nje kama sharubu za paka. Juu ya mshono akapaka uji wa unga wa muhogo, akaianika spika uani pamoja na mashuka.

"Ikikauka pigeni," akasema. "Ikichanika tena msiniletee."

Wa tatu ni Hoza Singano, mpiga gitaa. Kijana wa miaka ishirini na tatu, mrefu, mwenye kujisikia kidogo, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujisikia. Vidole vyake vilikimbia. Hoza akipiga gitaa, noti zilimwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka, na wasichana walisimama karibu kuona zinakotoka.

Siku hiyo ya harusi alichomeka waya, akapiga noti moja ya kujaribu. Ilitoka sauti ambayo haikuwa ya gitaa. Ilinguruma, ikakwaruza, na noti yenyewe ilipokwisha zile ncha za katani zikaendelea kutetemeka zenyewe, kama jambo ambalo mtu hajamaliza kulisema. Bwana harusi alitazama juu kuona kama ni mvua. Hoza akajaribu kukimbiza vidole kama kawaida yake, ikawa uji wenye madonge. Watoto wakaziba masikio. Hoza akaacha.

Kisha akapiga noti moja, akaiacha ife yenyewe. Akapiga nyingine, akaiacha. Katika wimbo mzima alipiga noti kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu watu walizihesabu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliweza kwa Hoza. Na noti ya nne ilipolia, walioinuka kwanza kucheza hawakuwa vijana. Walikuwa wazee, wale waliostaafu kwenye mkonge, waliokuwa wamekaa na sahani zao za pilau mapajani. Waliziweka sahani chini wakainuka.

Wakaenda Dar es Salaam na spika ile ile. Fundi wa studio aliposikia noti ya kwanza alivua vile vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena. Akarekodi nyimbo zote nane. Ndipo akatoka chumbani kwake kwa heshima.

"Ndugu zangu, poleni, spika yenu ni mbovu," akasema. "Tuna nyingine hapa, nzima kabisa. Tuzirudie zote nane."

Hatibu Shekalaghe akasema, "Acha."

Neno moja. Wenzake walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia akiamua.

"Ziache hivyo hivyo?" fundi akauliza.

"Acha hivyo hivyo."

Wakafungasha vyombo, wakawahi treni ya saa kumi.

Baada ya wiki nane santuri ya majaribio ikafika Korogwe kwa posta, pamoja na barua ya Bwana Jivraj. Barua ilisema sauti hii haijapata kusikika, na ilisema jina la mtindo liletwe kwa telegramu kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri, siku ambayo majalada yanachapwa. Neno moja, liandikwe vizuri.

Hatibu akaiweka santuri kwenye gramafoni. Mkewe, Mwantumu, alikuwa sakafuni anachambua mchele. Gitaa likanguruma, katani zikatetemeka, na Hatibu akalia. Simaanishi kwamba machozi yalimlengalenga tu. Alilia, mabega yakimcheza, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili.

"Unalia nini, baba?" Mwantumu akamuuliza.

"Korona," akasema.

Nyinyi jina hilo mnalijua kwa ugonjwa. Watu wa mashamba ya mkonge walilijua kwa mashine, ile kubwa inayokamua majani ya mkonge na kubakiza katani. Baba yake Hatibu aliilisha mashine ile miaka thelathini, na jioni alirudi nyumbani akisema kwa kupiga kelele, maana masikio aliyaacha kazini. Baba alikwisha kufa. Mwaka wa pili baada yake shamba likafungwa, na korona ikazimwa. Asubuhi moja Korogwe iliamka kimya, na watu wakasema afadhali. Hatibu naye alisema afadhali. Hakujua kwamba tangu asubuhi ile alikuwa na msiba ambao hakuukalia matanga.

Mwantumu akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Mikono ilikuwa imetulia juu ya ungo.

"Kweli," akasema. "Baba mkwe huyo."

Basi mmeona kilichokuwa mikononi mwa Hatibu. Sauti ile ilizimwa mara moja bila yeye kuulizwa. Sasa imerudi, na yeye ndiye anayeulizwa. Hakutaka izimwe tena, na safari hii kwa mkono wake.

Alhamisi wakaja watatu barazani kwake, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja akajifanya anapita tu.

Mzee Mbwana ndiye aliyeanza, kwa umri. "Kiongozi, mimi si mtu wa kujisifu, na ninayoyasema si kujisifu. Nani aliyeibadilisha spika ile? Kabla ya moto ilikuwa spika ya Mgiriki. Baada ya moto ikawa ya kwetu. Na mnajua wenyewe, unyevu ukiipata sauti inakimbia, ni lazima ioteshwe upya, na iwe kwa kipimo. Ikizidi inaungua, ikipungua inapiga mafua. Kipimo hicho anacho nani? Mwaka mzima mtanisikia nikisema hewala, hewala, nabeba huku, naweka kule. Watu wa Handeni waliniita kwa jina langu, kiongozi. Hapa naitwa 'wewe, shika upande ule'. Mtindo uitwe Mbwana. Usipoitwa Mbwana, Jumapili msinitafute."

"Moto hauna sauti," akasema Zaina. "Mlinijia na maiti kwenye mkokoteni, na kama ningesema mimi nashona nguo tu, mngeizika. Sauti inatoka wapi? Inatoka kwenye katani. Katani ni yangu, mshono ni wangu. Mwezi uliopita mlipasua spika ndogo ya redio mkaipeleka kwa fundi wa magodoro, mkidhani sijui. Akawashonea. Ikatoa nini?"

Hatibu akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Nakuuliza, Kaka Hatibu. Ikatoa nini?"

"Sauti ya kopo," akasema Hatibu.

"Ya kopo. Nimewavalisha suruali miaka sita, na jukwaani hakuna aliyewahi kusema suruali hizi kashona fulani. Mtindo uitwe Zaina. La sivyo nafumua uzi wangu, mishono yote kumi na tisa, na spika nawarudishia kama mlivyonikabidhi."

Hoza alikuwa ameegemea nguzo. "Mimi sina mengi," akasema. "Spika iliyoungua ni spika iliyoungua. Spika iliyoshonwa ni spika iliyoshonwa. Iwekeni hapo barazani tuone kama italia. Niliyeiliza ni mimi. Bendi ya Tanga imeniita mara mbili, nimekataa mara mbili. Wakiniita ya tatu nataka niwe na sababu ya kukataa."

Hatibu akawaza. Akapendekeza kwamba labda, kwa ajili ya umoja, mtindo uitwe Mbwazaiho.

"Hiyo ni dawa ya mifugo," akasema Zaina, na hakuna aliyembishia.

Walipoondoka, Hatibu alibaki barazani. Mwantumu akamletea chai.

"Waulize kitu kimoja tu," akamwambia. "Kila mtu peke yake. Waulize kama walikusudia."

Ijumaa mchana Hatibu akazunguka. Alianza kwa Mzee Mbwana, akamkuta anavaa kanzu ya kwenda msikitini.

"Mzee, niambie kweli. Siku ile ulikusudia iungue?"

Mzee Mbwana akafunga vifungo vyote vya kanzu kabla ya kujibu. "Leo Ijumaa, sitasema uongo. Ngoma huoteshwa mpaka uhesabu mia. Mimi nilihesabu mpaka arobaini, na wapishi walikuwa wamenipa ukoko wa pilau sahani nzima. Nikalala."

"Ukalala."

"Nikalala, kiongozi. Harufu ndiyo iliyoniamsha."

"Sasa hicho kipimo ulikipata wapi?"

Mzee akaonyesha kidole nyuma ya nyumba. Palikuwa na lundo la maboksi ya karatasi, yameungua yote, moja limeungua kidogo, jingine zaidi, jingine zaidi ya hilo. "Nimekuwa nikichoma maboksi," akasema. "Nilitaka kujua nililala kwa muda gani. Ni mia mbili na kumi."

Akaenda kwa Zaina. "Dada Zaina, kwa nini ulitumia katani?"

"Kwa sababu uzi wa kawaida ungekata karatasi."

"Hukuwa na nailoni?"

Zaina akakanyaga cherehani, akashona mstari mzima usio na haja. "Nilikuwa nayo," akasema. "Nzuri kabisa, kutoka Mombasa. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya gauni langu la Idi. Niipoteze kwenye spika ya watu? Katani nilizichomoa kwenye gunia nililokuwa nimelikalia. Ncha sikuzikata kwa sababu mkasi ulikuwa ndani, na mimi nilikuwa nje."

"Lakini Idi imepita."

"Imepita."

"Na nailoni?"

"Imo mkebeni. Gauni nilivaa la mwaka jana." Akakata uzi kwa meno. "Nikiishona spika ile kwa nailoni itapona. Sitaki ipone."

Akamkuta Hoza anafua shati.

"Hoza, zile noti kumi na moja. Ulizichagua?"

Hoza akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanyoosha kidole cha kati cha mkono wa kushoto, chenye kovu. "Asubuhi ya harusi nilijikata nikimenya nanasi. Kila noti niliyoishika ilikuwa kisu. Baada ya zile za haraka nilitaka kulia mbele ya wasichana. Ndipo nikawa napiga moja, napumzika."

"Kimepona?"

"Siku nyingi."

"Mbona bado unapiga chache?"

Hoza akakamua shati mpaka tone la mwisho. "Siku ile niliona wazee wanaweka sahani chini," akasema. "Kaka Hatibu, mimi hakuna mtu aliyewahi kuniwekea sahani chini."

Hatibu akaelekea posta, na njiani akajiuliza mwenyewe, maana haki huanzia nyumbani. Bendi nzima ilimsifu kwa lile neno "acha". Walisema kiongozi ana sikio. Hata Mwantumu alimwambia, mbona lisiwe jina lako, si wewe uliyeiokoa? Naye kila aliposifiwa alitazama chini, watu wakadhani ni unyenyekevu. Kumbe alipolisema lile neno alikuwa anatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Treni ilikuwa saa kumi. Sauti yenyewe, siku ile, hata hakuisikia.

Mjane wa Mdoe alikuwa ameketi na ungo wake wa karanga kivulini mwa jengo la posta. Wakasalimiana.

"Ndiyo siku ya jina leo, shemeji?" akauliza.

"Ndiyo leo."

Akampimia karanga kwenye karatasi bila kuombwa. "Nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu," akasema. "Ule mdundo wa Mdoe. Haukuwa wa Mdoe. Ulikuwa wa mama yangu. Mama alikuwa na mguu mmoja mfupi, akitwanga mahindi mchi ulikuwa unachelewa kidogo, namna ile. Mdoe alikaa jikoni kwetu siku za uchumba, akausikia, akauchukua."

"Mbona hukusema?"

"Jina lilikuwa limeshaandikwa. Mama alikuwa hai bado, anakuja hapo ukumbini Jumapili, anakaa na mimi mlangoni. Wanaita Mdoe, Mdoe, na yeye mguu wake uko pale pale." Akazifunga zile karanga. "Mimi nilifurahi kwa mume wangu, shemeji. Nikimtazama mama sikufurahi. Nenda, saa zinakwenda."

Hatibu akaingia. Saa ya posta ilikuwa kumi kasoro dakika sita. Karani akampa fomu ya telegramu na kalamu iliyofungwa kwa kamba.

"Maneno mangapi?"

"Moja."

"Basi andika."

Hatibu akaishika kalamu. Dirishani aliwaona wote watatu ng'ambo ya barabara, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Mzee Mbwana kavaa kanzu yake. Zaina kashika mkasi, safari hii hakuuacha ndani. Hoza kavaa shati bichi.

"Tutaona," Hatibu akasema, kwa mazoea.

"Hapa hatupeleki tutaona, bwana," akasema karani. "Zimebaki dakika nne."

Na mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo kalamu ilipo. Msiniambie ameshaandika, wala msiniulize aliandika nini. Wako watu waliozaliwa kwa usingizi wa mmoja, choyo cha mwingine na nanasi la wa tatu, wakaja kuwa watu wema, basi sembuse sauti. Moto ni wa Mbwana, aliyelala, kisha akachoma maboksi yote ya mtaani akiutafuta usingizi wake. Katani ni za Zaina, aliyeficha uzi mzuri, kisha akakataa kuutumia hata ulipokuwa hauna kazi. Kimya cha katikati ya noti ni cha Hoza, aliyeumwa na kidole, kisha kidole kikapona na kimya akakiacha palepale. "Acha" ni ya Hatibu, ambaye aliwahi treni kwanza, akalia baadaye.

Jumapili mwimbaji atapaza sauti, na watu mia tatu watajibu kwa jina moja. Mmoja atalisikia lile jina akiwa jukwaani. Wengine watalisikia mlangoni, na kama wameamua kuondoka, basi korona itakuwa imezimwa mara ya pili.

Haya, nyinyi mlioketi hapa na mmekula karanga zangu. Zimebaki dakika nne, na fomu ina nafasi ya neno moja. Kamateni kalamu. Je, nani alistahili kuitwa?